Reginald Moreau, Mchunguzi wa Ndege

Katika masomo yaliyopita umejifunza kwamba sayansi huanza kwa kutazama. Katika somo hili utasoma habari za maisha ya mtu aliyetazama mambo madogo kwa muda mrefu, akayahesabu, akayaandika, na kwa njia hiyo akaipatia dunia maarifa makubwa. Mtu huyo alikuwa Mwingereza, lakini sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya katika milima ya nchi yetu, Tanzania. Jina lake lilikuwa Reginald Ernest Moreau.

Kabla ya kuanza habari zake, hebu tutazame kwanza mahali palipo karibu nasi.

Mwezi wa Septemba katika Same

Mji wa Same uko chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Ukisimama hapo mwanzoni mwa mwezi wa Septemba, utaona nini? Mtu mwenye haraka atasema kwamba haoni kitu ila vumbi. Lakini wewe tazama vizuri. Mibuyu imepukutisha majani yake. Nyasi za nyika, kuelekea Mkomazi, zimekauka na kugeuka rangi ya manjano. Baridi ya kipupwe inapungua, na jua la mchana linaanza kuwa kali. Huko juu, upande wa Shengena, mawingu yanaufunika msitu wakati wa asubuhi. Maji yatokayo msituni yanashuka kwa mifereji na kujaza ndiva, yaani mabwawa ambayo Wapare wameyatumia tangu kale kuhifadhi maji ya kumwagilia mashamba. Mvua za vuli bado hazijanyesha.

Ukiendelea kutazama siku hadi siku, utaona jambo jingine. Leo nyaya zilizo kando ya barabara ni tupu. Siku nyingine, mwishoni mwa Septemba au katika mwezi wa Oktoba, utakuta ndege wadogo wamekaa juu yake kwa safu. Migongo yao ni ya buluu iliyokoza, nayo hung'aa juani. Makoo yao ni mekundu ya hudhurungi, na chini ya koo kuna ukanda mweusi. Mikia yao imegawanyika kama panda ya mti. Hao ni mbayuwayu wahamao. Je, wametoka wapi? Kwa nini wamekuja wakati huu? Wataondoka lini?

Hayo ni maswali madogo, na mtoto yeyote anaweza kuyauliza. Moreau alitumia maisha yake yote kujaribu kujibu maswali ya namna hiyo.

Utoto na ujana wake

Reginald Moreau alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Kingston, karibu na London, nchini Uingereza. Alipokuwa bado mtoto, baba yake alipata ajali. Aligongwa na mlango wa gari moshi uliokuwa wazi treni ilipokuwa ikipita, na tangu siku hiyo afya yake iliharibika. Jamaa yake ilihamia mashambani. Huko Reginald alizoea kutembea katika mapori na mashamba, na huko ndiko alikoanza kuwapenda ndege.

Usidhani kwamba Moreau alipelekwa chuo kikuu kujifunza elimu ya viumbe. La. Mwaka 1914, akiwa kijana wa miaka 17, aliajiriwa katika idara ya serikali iliyokagua hesabu. Kazi yake ilikuwa kupitia vitabu vya fedha na kuhakikisha kwamba kila tarakimu imewekwa mahali pake. Kazi hiyo haikuwa na uhusiano wowote na ndege. Hata hivyo ilimfundisha jambo moja lililomfaa sana baadaye: kutokubali hesabu yoyote kabla ya kuihakiki.

Baadaye kidogo alishikwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Viungo vyake vilivimba na kumwuma, hata ikawa shida kufanya kazi. Baridi na unyevunyevu wa Uingereza havikumfaa. Kwa hiyo, mwaka 1920, alihamishiwa Kairo, mji mkuu wa Misri, ambako hewa ni kavu na jua ni jingi.

Misri, njia ya ndege

Hebu fungua ramani ya Afrika. Itafute nchi ya Misri. Utaona kwamba iko kaskazini-mashariki mwa bara letu, karibu na mahali ambapo Afrika inaungana na Asia. Upande wake wa kaskazini kuna Bahari ya Mediterania, na ng'ambo ya bahari hiyo kuna Ulaya. Pande nyingine, kwa sehemu kubwa, ni jangwa. Katikati ya jangwa unapita mto Naili.

Ndege wengi watokao Ulaya na Asia hupita Misri kila mwaka. Moreau aliwaona wakija kwa wingi kuanzia mwezi wa Agosti na Septemba, na kurudi walikotoka katika miezi ya Machi na Aprili. Siku za mapumziko alikwenda jangwani kuwatazama. Aliandika tarehe, mahali, aina ya ndege, na idadi yao. Afya yake ilipata nafuu. Huko Misri alikutana pia na Winifred, ambaye alikuja kuwa mke wake na mwenzake katika kazi ya kuchunguza ndege.

Kufika Amani

Mwaka 1928 Moreau na mkewe walihamia nchi iliyoitwa wakati huo Tanganyika. Alipewa kazi katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki, mahali paitwapo Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mkoa wa Tanga. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Moreau hakuajiriwa kuchunguza ndege. Alishughulikia mambo ya ofisi, maktaba na uchapishaji wa maandishi ya kituo. Uchunguzi wa ndege aliufanya katika wakati wake mwenyewe.

Lakini Amani ni mahali pa ajabu. Msitu wake ni mnene na mvua ni nyingi. Miti ni mirefu, na ndani yake wamo wanyama na mimea isiyopatikana mahali pengine duniani. Mwaka 1931 ndege mmoja mdogo wa Amani, mwenye mdomo mrefu na mwembamba, aliingizwa katika vitabu vya sayansi kwa mara ya kwanza. Alipewa jina la Moreau, naye analo hata leo.

Kukaa kando ya kiota

Watu wengi wa zamani waliochunguza ndege walifanya kazi kwa bunduki. Walimpiga ndege, wakapima mabawa yake, wakamhifadhi katika sanduku. Kwa njia hiyo waliweza kujua rangi na ukubwa wake. Lakini ndege aliyekufa hawezi kukuonyesha jinsi anavyoishi. Hawezi kukuonyesha anakula nini, analalia mayai kwa siku ngapi, wala anawalisha watoto mara ngapi kwa siku.

Moreau alitaka kujua mambo hayo. Kwa hiyo yeye na mkewe, pamoja na wasaidizi wao Waafrika, walikaa karibu na viota wakiwa na saa na daftari. Ndege alipoingia kiotani, waliandika saa. Alipotoka, waliandika saa. Alipoleta chakula, walitia alama. Walifanya hivyo kwa saa nyingi na siku nyingi. Kazi hiyo ilihitaji macho makali na subira kubwa. Wasaidizi hao hawakupata sifa kubwa vitabuni kama Moreau, lakini bila macho yao na uvumilivu wao sehemu kubwa ya kazi hiyo isingaliwezekana. Kumbuka jambo hili kila usomapo habari za mwanasayansi mmoja: mara nyingi nyuma yake wako watu wengi.

Mfano mzuri ni uchunguzi wao juu ya hondohondo. Bila shaka umewahi kumsikia hondohondo wa milimani, kwa maana mabawa yake hufanya kelele kubwa arukapo juu ya msitu, na sauti yake husikika mbali. Jike wa hondohondo hutaga ndani ya shimo la mti. Akishaingia, huuziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba tu. Dume humletea madonge ya udongo wa kuzibia. Baada ya hapo jike hukaa gizani kwa miezi kadhaa, akilalia mayai na kulea, na dume humlisha matunda kupitia ule ufa.

Watu wa milimani walilijua jambo hili tangu zamani. Moreau na wenzake waliongeza hesabu. Walihesabu safari za dume na matunda aliyoleta kila safari. Kutokana na hesabu hizo walikisia kwamba, kwa muda wa siku 120 hivi za kulea, dume mmoja alifika kiotani mara 1,600 hivi na kuleta matunda kama 24,000. Fikiri kidogo. Matunda hayo yote yana mbegu. Mbegu nyingi huangushwa mbali na mti mama, nazo huota. Hivyo hondohondo ni mpanda miti wa msitu, na msitu ndio uletao maji katika mifereji ya wakulima. Jambo dogo kama tunda mdomoni mwa ndege linahusiana na maji ya shamba la nyumbani kwenu.

Mayai mawili na mayai matano

Kwa kuwa viota vingi vilitazamwa, Moreau aliona jambo jingine. Ndege wengi wadogo wa misitu yetu hutaga mayai mawili au matatu tu. Lakini ndugu zao waishio Ulaya hutaga manne, matano, au hata zaidi. Kwa nini iwe hivyo?

Watu waliotazama kiota kimoja wasingeweza kuuliza swali hilo. Moreau aliweza kuuliza kwa sababu alikusanya habari za viota vingi sana kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, akazilinganisha. Mwaka 1944 aliyachapisha matokeo yake. Wataalamu wengine, kama David Lack wa Uingereza, waliendelea na swali hilo. Lack alifikiri kwamba sababu moja ni chakula. Huko kaskazini, wakati wa kulea, mchana ni mrefu na wazazi hupata saa nyingi za kutafuta wadudu. Wengine wakaongeza sababu nyingine, na mjadala haujaisha hadi leo. Katika sayansi swali zuri linaweza kudumu kuliko maisha ya aliyeliuliza.

Ndege asiyeondoka mlimani

Sasa turudi katika Milima ya Upare. Milima hii, pamoja na Usambara, Uluguru, Udzungwa na mingine, ni sehemu ya safu iitwayo Tao la Mashariki. Safu hiyo huanzia Taita, nchini Kenya, na kuishia kusini mwa Tanzania. Ukiitazama kutoka mbali utaona kwamba milima hii haikuungana. Kati ya Upare Kusini na Usambara kuna bonde la mto Mkomazi, ambalo ni kavu na lenye joto.

Kwa mtu aliye ndani ya basi bonde hilo si kitu. Lakini kwa ndege mdogo wa msituni, aliyezoea kivuli, ukungu na miti iliyojaa kuvu, bonde hilo ni kama bahari. Havuki. Hivyo kila mlima umekuwa kama kisiwa, na viumbe walioachwa juu yake kwa maelfu ya miaka wamebadilika polepole, hata wakatofautiana na wale wa mlima wa jirani. Moreau alikuwa mmoja wa watu walioieleza habari hii kwa uangalifu mkubwa.

Katika msitu wa Shengena, uitwao pia msitu wa Chome, wilayani Same, yuko ndege mdogo wa jamii ya vinengenenge. Mgongo wake ni wa kijani, koo lake ni la manjano, na tumbo lake ni la kijivu. Kuzunguka jicho lake kuna duara jeupe, kama kwamba amevaa miwani. Katika miaka ya 1930 Moreau, pamoja na mtaalamu mwenzake aitwaye Sclater, walimweleza ndege huyu katika maandishi ya sayansi. Walimpa jina la Winifred, mke wa Moreau. Mwaka 1938 Moreau alimpa mkewe heshima hiyo mara ya pili kwa kumwita ndege wa milima ya Uluguru kwa jina lake.

Baadaye wataalamu wengine walidhani kwamba kinengenenge wa Upare si ndege wa peke yake, bali ni sehemu tu ya aina nyingine ya vinengenenge wa milimani. Lakini katika miaka ya karibuni chembe zake za urithi zimechunguzwa, na imeonekana kwamba yeye ni wa aina yake. Hapatikani Kenya, wala Usambara, wala Kilimanjaro. Anapatikana katika milima ya Upare Kusini peke yake. Maana yake ni hii: msitu wa Shengena ukichomwa moto au ukikatwa, ndege huyu hana pahali pengine pa kwenda. Atatoweka duniani, na wale wa kwanza kuona kwamba hayupo watakuwa watu wa Same, kama walizoea kumtazama.

Ndege avukaye jangwa

Ajabu ni kwamba, wakati kinengenenge hawezi kuvuka bonde moja, mbayuwayu huvuka jangwa zima. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi. Huo ni kama uzito wa vijiko vinne vidogo vya sukari.

Katika nchi za Ulaya mwezi wa Septemba ni mwanzo wa majira ya kupukutika majani. Majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha huanguka. Linganisha na mibuyu ya Same. Mbuyu hupukutisha majani kwa sababu ya ukame, lakini miti ya Ulaya hupukutisha kwa sababu baridi inakaribia na mchana unafupika. Sisi tuko karibu na ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi katika Same ni kama nusu saa tu. Huko London mchana wa mwezi wa Juni una zaidi ya saa 16, na ule wa Desemba haufiki saa 8. Baridi ikija, wadudu warukao hutoweka. Mbayuwayu hula wadudu warukao. Akibaki, atakufa kwa njaa. Kwa hiyo huondoka, akavuka bahari, akavuka jangwa la Sahara lenye upana wa zaidi ya kilomita 1,500, akaja kwetu. Mvua za kwanza za vuli zinaponyesha, na kumbikumbi wanapotoka ardhini, tayari yuko hapa.

Watu walijuaje kwamba ni ndege walewale? Walitumia pete ndogo za madini, zenye namba, zilizofungwa miguuni mwa ndege. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alifungwa pete nchini Uingereza. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 alipatikana Natal, Afrika Kusini, umbali wa kilomita 10,000 hivi. Pete moja ndogo ilijibu swali ambalo watu walibishania kwa karne nyingi.

Moreau hakutosheka na safari ya ndege mmoja. Alitaka kujua jumla yao. Alichukua takwimu za ndege waliohesabiwa katika nchi ya Ufini, akazilinganisha na ukubwa wa nchi nyingine za kaskazini, akapiga hesabu. Alikisia kwamba kila mwaka ndege wa nchi kavu wapatao milioni 5,000 huja Afrika. Mwaka 2009 wataalamu wengine walirudia hesabu hiyo kwa takwimu nyingi zaidi, wakapata milioni 2,100 hivi. Usiseme kwamba Moreau alifanya kazi bure. Kwa kuwa alieleza wazi jinsi alivyohesabu, wengine waliweza kuirekebisha hesabu yake. Mtu asiyeonyesha njia ya hesabu yake hawezi kusahihishwa, na wala hawezi kuaminiwa.

Tena aliona fumbo moja. Katika Machi na Aprili ndege hao hurudi kaskazini. Kabla ya kuvuka jangwa lazima wanenepe, kwa maana njiani hakuna chakula cha kutosha. Lakini wakati huohuo nchi zilizo kusini mwa Sahara zimekauka kabisa. Wanapata wapi mafuta ya safari? Baadaye wachunguzi waligundua sehemu ya jibu. Baadhi ya miti huzaa au kutoa maua wakati wa ukame, na mmoja wao ni mswaki, mti uleule ambao watu hukata vijiti vyake kusafishia meno. Ndege wengi wadogo hula matunda ya mswaki wakanenepa, kisha wakaanza safari.

Miaka yake ya mwisho

Moreau aliondoka Amani mwaka 1946 na kurudi Uingereza. Alifanya kazi katika chuo kikuu cha Oxford, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mhariri wa jarida maarufu la elimu ya ndege. Yule karani wa hesabu, ambaye hakusomea elimu ya viumbe chuoni, sasa aliheshimiwa na maprofesa. Mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake.

Hakuacha kutazama mambo madogo, hata yale ya wanadamu. Katika kijiji alichoishi aliwauliza wazee jinsi watu walivyoishi pale zamani: walilima nini, walikula nini, walivaa nini. Aliyaandika hayo yote katika kitabu kilichotoka mwaka 1968, kabla wazee hao hawajafa na habari zao kupotea.

Siku zake za mwisho alikuwa mgonjwa, lakini aliendelea kuandika kitabu chake juu ya safari za ndege kati ya kaskazini na Afrika. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 1970. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1972, naye hakukiona. Hata hivyo wachunguzi wa ndege wanakitumia mpaka leo.

Tunajifunza nini?

Moreau hakuwa na mitambo mikubwa. Alikuwa na macho, saa, kalamu na daftari. Wewe pia unaweza kupata vitu hivyo. Tena unacho kitu ambacho yeye hakuwa nacho: umezaliwa hapa. Unajua mahali mbayuwayu wakaapo, mti uzaao kwanza, na mwezi ambao ndiva hupungua maji. Wazee wako wanajua zaidi. Mambo hayo yakibaki kichwani yatasahauliwa. Yakiandikwa kwa tarehe, mwaka baada ya mwaka, yatakuwa elimu. Kama mbayuwayu wakichelewa, au hondohondo wakipungua, daftari lako ndilo litakaloonyesha.

Maswali

1. Kazi ya kwanza ya Moreau ilikuwa nini? Ilimsaidiaje katika uchunguzi wa ndege?
2. Eleza tofauti kati ya kumchunguza ndege aliyekufa na kumtazama ndege aliye hai.
3. Kwa nini hondohondo anaweza kuitwa mpanda miti?
4. Mibuyu ya Same na miti ya Ulaya hupukutisha majani mwezi wa Septemba. Je, sababu ni moja? Eleza.
5. Kwa nini kinengenenge wa Upare Kusini yumo hatarini kuliko mbayuwayu msitu wa Shengena ukiharibiwa?
6. Hondohondo dume alileta matunda 24,000 kwa safari 1,600. Je, kwa wastani alileta matunda mangapi kila safari?

Kazi ya kufanya

Tengeneza jedwali katika daftari lako lenye safu tano: tarehe, saa, mahali, nilichoona, na idadi. Kila siku ya shule, kuanzia Septemba mosi, tazama mahali palepale kwa dakika kumi. Andika unachokiona tu, si unachodhani. Usiguse viota wala mayai. Andika siku ya kwanza kumwona mbayuwayu, siku ya mvua ya kwanza, na siku ya kwanza kuwaona kumbikumbi. Mwezi wa Desemba linganisha jedwali lako na ya wenzako, kisha mlihifadhi moja darasani. Wanafunzi wa darasa la tano wa mwaka ujao wataendelea pale mlipoishia.